Marashi Kwenye Rejeta

Nyumbani kwa Bi Zuwaina, huko Shiraija juu ya jabali, hakuna aliyefunga mkanda wa gari kabla taa hazijazima. Ilikuwa desturi, na desturi za nyumba ile zilishikwa kwa meno. Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, kukishapambazuka, Ghaliya alikaa kwenye usukani wa gari la marehemu mumewe, akazungusha ufunguo kidogo tu, na dashibodi yote ikawaka nyekundu na njano kama mlango wa nyumba ya harusi. Pembeni yake alikaa Bi Zuwaina, mama wa huyo marehemu, mkoba wa dawa mapajani, macho kwenye taa. Injini ikiunguruma, taa zilizima moja moja. Ya mwisho ikishazima, bibi alisema, "Alhamdulillahi, kaamka mzima," ndipo akavuta mkanda.

Aliyewafundisha desturi hiyo ni Darwish, fundi wa Birkat al-Mauz, pale chini jabali linapoanzia. Darwish ni Mbaluchi mwenye tumbo lililotangulia na ulimi uliotangulia zaidi. Ukimpelekea gari abadilishe oili, utarudi na oili mpya na masikio yaliyochoka. Lakini moyo wake mweupe. Siku Ghaliya alipofika kwake mara ya kwanza, leseni bado inanukia upya, alimkalisha kwenye kiti cha dereva akamsomesha kama mtoto wa chuoni.

"Zikiwaka zote mwanzo, usiogope, zinajitambulisha," alimwambia. "Kila moja inasema: niko hapa, niko hapa. Kisha zinanyamaza. Ile isiyowaka kabisa asubuhi ndiyo ya kuogopa, maana siku ya hatari haitakuwa na mdomo. Umenielewa, bibie?"

"Nimekuelewa."

"Haya. Ya njano inakuomba: nitazame ukipata nafasi, lakini usinisahau. Nyekundu haiombi. Nyekundu inakwambia simama, na ukibishana nayo utakuja kubishana na mimi, na mimi sishindwi."

Kisha akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha dashibodi, akakwaruza kwa ukucha. Kilitoka kipande cha utepe mweusi. Chini yake taa ya njano, yenye picha ya injini, ilikuwa inawaka kama iliyokuwa ikisubiri miaka yote kufunguliwa.

"Nani kaiziba?"

"Nabhan. Alikuwa akisema inamkera macho."

Darwish alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Wanaume hawa! Taa ikisema, anaifunga mdomo!"

Ghaliya hakucheka. Nabhan, mumewe, hakuiziba taa ya gari peke yake. Mwezi mzima kifua kilikuwa kikimbana, na kila akiulizwa alisema ni gesi tu. Alikwenda Maskat kumtembelea mdogo wake Hamdan, na huko huko gesi ile ikamchukua. Ghaliya alikaa eda, akatoka eda, akajifunza kuendesha gari kwenye barabara ambayo hata wanaume wa nchi za chini huishuka wakisoma dua. Hakuwa na hiari. Figo za Bi Zuwaina zilikuwa zimechoka, na mashine ya kusafishia damu iko Nizwa, haiko Shiraija.

Basi alijifunza, na alijifunza vizuri. Kila Ijumaa wanaume wakiwa msikitini, yeye alifungua boneti. Alivuta kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena na kukisoma. Alitazama tangi dogo la maji ya rejeta, lile jeupe la pembeni lenye mistari miwili, maji yasishuke chini ya mstari wa chini. Alitazama maji ya breki, akabonyeza tairi, akatazama upepo. Alijua kwamba jabali hushukwa kwa gia ndogo, si kwa breki, maana breki ikikanyagwa njia nzima huungua na kunuka, na ikishanuka imeshakusaliti. Majirani walimtania kwamba ameolewa na gari. Aliwajibu kwamba angalau mume huyu akiumwa husema.

Lakini kulikuwa na neno moja lililomkaa Ghaliya rohoni kila alipozungusha ufunguo, nalo lilitoka kinywani mwa Bi Zuwaina mwenyewe. Baada ya msiba, Hamdan alitaka kumchukua mama yake akae naye Maskat, karibu na hospitali, kwenye nyumba yenye baridi ya mashine na ngazi za marumaru. Bi Zuwaina alikataa. Yeye amezaliwa juu, waridi zake ziko juu, na kaburi la mumewe liko juu. Mzozo uliwaka. Mwishowe bibi, kwa kuchoka kubishana, akasema mbele ya watu: "Siku gari la Ghaliya litakapotuacha njiani, hata mara moja, siku hiyo nitakuja kwako, Hamdan, wala sitaongeza neno." Hamdan akasema, "Watu wamesikia, Mama." Na watu kweli walikuwa wamesikia.

Na mtu akimtoa Bi Zuwaina jabalini, ajue amemtoa nini. Msimu wa waridi ukifika, yeye ndiye aliyekaa mbele ya jiko la udongo la kuchemshia waridi, moshi ukimpiga usoni, akinusa mvuke na kuwaambia wanawake wenzake, "Bado," au "Tayari, toeni." Marashi yake yalikuwa na rangi ya chai na harufu ya moshi na ua kwa pamoja. Aliyekunywa kahawa yenye tone la marashi hayo hakuisahau. Yeye mwenyewe sasa alikuwa amekatazwa. Daktari alimpimia maji ya siku nzima kwenye chupa ndogo, chai humo, kahawa humo, mchuzi humo, na bibi aliyezoea kumimina sasa aliishi kwa kulamba.

Hata hivyo alibaki na tabia moja. Ghaliya akiwa kwenye matuta ya shamba, bibi alichukua kikombe chake cha kahawa na kutoka nacho taratibu mpaka lilipoegeshwa gari. Mara mbili tatu Ghaliya alimwona kwa mbali amesimama mbele ya boneti, midomo ikicheza. Akadhani analisomea gari dua. Alifurahi moyoni, akaendelea kupalilia.

Mwaka huu Hamdan alipanda jabali kwa ajili ya mavuno ya waridi, na kusema kweli hakuja kwa waridi. Alikuja na macho. Alizunguka gari, akapiga teke tairi kama watu wanaojifanya wanajua magari, akauliza limetembea kilomita ngapi, akaguna. Nyumba ilijaa wachumaji, vikapu, masufuria na watoto. Ijumaa ile Ghaliya hakufungua boneti. Moyo ulimwambia afungue, mikono ikawa na unga, na isitoshe kila Ijumaa alikuta maji ya rejeta yamefika mstari wa juu, hayapungui hata tone. Ukizoea kukuta mtungi umejaa, siku moja utaacha kuuchungulia.

Jumatatu Hamdan akasema atakwenda nao hospitali. "Nione kwa macho yangu," alisema, akajipakia nyuma.

Walishuka salama. Mashine ilifanya kazi yake, Bi Zuwaina akatoka mweupe na mnyonge kama kawaida yake baada ya kusafishwa, na jua la adhuhuri likiwa kichwani wakaanza kurudi. Kwenye kizuizi cha askari chini ya jabali walitazamwa, wakaruhusiwa. Hapo mlima ukaanza.

"Shemeji, ongeza baridi," alisema Hamdan kutoka nyuma, kanzu imemganda mgongoni. "Huku nyuma ni jehanamu."

"Imefika mwisho, shemeji."

"Basi gari lako lina pumu."

"Wewe ndiye umezoea kukaa kwenye friji," alisema Bi Zuwaina bila kufumbua macho.

Kwenye kona ya tatu, Ghaliya aliona mshale wa joto umetoka katikati. Alijiambia ni jua. Kwenye kona iliyofuata ulikuwa umepanda tena, na hakuwa na la kujiambia. Kisha ikawaka. Ile nyekundu, yenye picha ya kipimajoto kimezama majini. Katika taa zote, kwa nini hii, na katika siku zote, kwa nini leo?

Alizima kiyoyozi, akafungua kipasha joto mpaka mwisho, akateremsha madirisha yote. Upepo wa tanuri ukawavamia usoni.

"Ebo! Unatuoka?" Hamdan alipiga kelele. "Ghaliya, una wazimu? Nimesema baridi!"

"Joto la injini linatoka kwa kupitia kwetu, shemeji. Likae nasi dakika moja, lisikae kule."

"Taa gani hiyo inayowaka?"

"Ya kunisimamisha," alisema, na akasimama kweli. Palikuwa na sehemu pana kando ya barabara, upande wa mwamba, penye kivuli. Aliegesha, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Mvuke ulikuwa umeanza kutoka pembeni mwa boneti. Gari lilikuwa limechemsha.

Hamdan alitoka kwa kishindo. Alikuwa mtu mzima wa ofisini, mpole siku zote, lakini hofu ilikuwa imemvua upole. Akanyanyua boneti, akakunja mkono wa kanzu yake na kuupeleka moja kwa moja kwenye kizibo cha rejeta.

"Hamdan! Ondoa mkono!"

Sauti ile Ghaliya hakujua kama anayo. Hamdan alirudi nyuma kama aliyepigwa.

"Ukikifungua sasa kitakurukia usoni na maji yanayochemka, utashuka mlima bila ngozi," Ghaliya alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Samahani, shemeji. Tunasubiri. Mpaka chuma kishikike kwa kiganja. Nina dumu la maji nyuma, lakini bado hayana kazi."

Basi wakasimama, wakasubiri. Na hapo ndipo harufu ilipowafikia. Gari likichemsha hunuka chuma, mpira na ile dawa tamu ya rejeta. Hili lilinukia waridi. Mvuke mweupe ulipanda kutoka kwenye injini, ukawazunguka wote, na ulikuwa mvuke wa jiko la Bi Zuwaina, moshi na ua kwa pamoja, katikati ya barabara, mchana kweupe.

"Ya Rabi," alisema Hamdan. Alinusa mkono wa kanzu yake. "Nini hiki?"

Ghaliya alinusa mara mbili. Akageuka polepole kumtazama mkwewe, aliyekuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, ametazama upande wa bonde kwa bidii sana.

"Mama?"

"Naangalia mbuzi."

"Hakuna mbuzi, Mama."

Bi Zuwaina alirekebisha shela yake. Alikohoa. "Nilikuona ukilinywesha gari maji," alisema. "Zamani, siku za mwanzo. Unavuta kile kichuma ndani, unanyanyua mfuniko, unamimina kwenye kile kitangi cheupe. Nikaona si kazi kubwa. Mimi nimekatazwa kunywa. Kikombe changu cha kahawa nimekatazwa, marashi yangu nimekatazwa. Nikasema, basi, fungu langu la marashi anywe huyu anayenipeleka. Mgeni akija kwangu namtilia marashi mikononi. Huyu hunibeba kila siku mbili akanirudisha, nisimpe kitu?"

"Kila siku, Mama?"

"Si kila siku. Nikiona kimepungua. Na hakikuacha kupungua, kilikuwa na kiu kama mjukuu wa jirani yetu Salma. Hamdan alipokuja niliacha, nilijua atanigombeza."

Ghaliya aliegemea mwamba. Alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Sasa aliona yote: kitangi kilichokuwa kikijaa kila Ijumaa hakikujaa kwa uzima wa gari. Maji yalikuwa yakitoka mahali, polepole, na bibi alikuwa akiyarudisha nyuma ya mgongo wake, yeye akisoma mstari wa juu na kushukuru. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yale yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena, kwa sababu aliona uso wa Hamdan.

Hamdan hakuwa akicheka. "Mama," alisema. "Gari limetuacha njiani."

Lori moja lilipanda likinguruma, likapotea kwenye kona.

"Ulisema mwenyewe, mbele ya watu. Mimi sikukulazimisha. Leo nilikuwepo. Siku ambayo sipo je? Mgonjwa, mwanamke peke yake, jua hili? Mama, nakuomba. Kesho tufungashe."

Ghaliya alikuwa na haki gani ya kusema? Ijumaa hakutazama. Alimwangalia Bi Zuwaina akiteremsha mguu mmoja, kisha wa pili, akishika mlango, akisimama. Mwanamke mdogo wa kimo, mkono wake wa sindano umefungwa bandeji.

"Nimesema, na neno langu ni neno langu," alisema bibi. "Limetuacha?"

"Mama, si hilo limesimama?"

"Kusimama nimeona. Nauliza, limetuacha? Ghaliya, hiyo taa iliwaka kabla ya moshi au baada ya moshi?"

"Kabla, Mama."

"Ilikwambia ufanye nini?"

"Nisimame."

"Na injini imekufa?"

"Sidhani. Tumesimama mapema. Ikipoa, tukiongeza maji, tutarudi chini taratibu mpaka kwa Darwish. Kushuka si kazi kwake."

Bi Zuwaina alimgeukia mwanawe. "Anayekwambia ana shida hakukuacha, Hamdan. Anayekuacha ni yule anayesema ni gesi tu."

Hamdan alishika boneti kwa mikono miwili, na haikumuunguza, au hakujali. Alipozungumza, sauti haikuwa ya mtu wa ofisini.

"Nilimpa chai ya tangawizi, Mama. Alikaa sebuleni kwangu, amejishika hapa, nikamwambia kunywa tangawizi, gesi itatoka. Nikaenda kuoga."

"Najua, mwanangu."

"Hujui. Sijawahi kumwambia mtu."

"Mimi mama yenu. Najua chai inayonywewa nyumbani kwako." Akamvuta kichwa mpaka begani kwake, ikambidi Hamdan ainame sana. "Hakuwasha taa. Ungeona nini? Kwako hakuwasha, kwa mkewe hakuwasha, kwangu mimi niliyemnyonyesha hakuwasha. Ndiyo maana nalipenda gari hili. Lina adabu kuliko wanangu."

Ghaliya aliona haya kuwatazama. Akaenda nyuma kuchukua dumu la maji, akakaa nalo mpaka chuma kikashikika kwa kiganja. Alifungua kizibo kwa kitambaa, robo mzunguko kwanza, mvuke wa mwisho ukatoka ukinukia, kisha akamimina polepole. Maji yaliingia mengi kuliko alivyodhani.

Walishuka kwa gia ndogo, madirisha wazi, macho sita kwenye mshale mmoja. Hamdan alikuwa akitangaza kutoka nyuma, "Umetulia. Bado umetulia. Umetulia, mashallah," mpaka mama yake akamwambia anyamaze, mshale usije ukaona aibu.

Darwish alifungua boneti, akaingiza kichwa, akakitoa akiwa amekunja uso. Akakiingiza tena, akanusa.

"Nani kazikwa humu?"

Walipomweleza, alikaa juu ya tairi. "Mimi nimeona rejeta za maji ya kisima," alisema. "Nimeona za maji ya mfereji wa falaji, na samaki mdogo ndani, wallahi. Mtu mmoja aliniletea ya maji ya zamzam. Marashi ya jabali, hii ya kwanza. Bi Mkubwa, hukutia na hiliki?"

"Iliniishia," alisema Bi Zuwaina.

Alipomaliza kucheka alilala chini ya gari na taa yake ya mkono, na alipotoka alikuwa na uso wa kazi. Pampu ya maji ilikuwa inavuja. Si jana wala juzi, alama ya kutu ilionyesha ni miezi. Ilikuwa ikitoa machozi kidogo kidogo kila safari.

"Sasa nisemeje?" Alijikuna kidevu. "Bi Mkubwa, umenificha mgonjwa. Kila nikitazama kitangi kimejaa, nikasema mzima. Na umezimua dawa yote ya rejeta, ndiyo maana kutu imekula pampu haraka. Hilo baya. Lakini usingekuwa unatia, lingechemsha zamani, na labda kwenye kona isiyo na mahali pa kusimama. Hilo zuri. Nikugombeze au nikubusu mkono?"

"Anza na mkono."

Akaubusu. Kisha akamgeukia Ghaliya na kidole juu. "Na wewe, bibie. Kitangi kisichopungua kabisa mwaka mzima na gari linapanda jabali, hicho nacho kiulize. Uzima uliozidi nao ni dalili. Na Ijumaa ni Ijumaa, hata wageni wakijaa."

"Nimekosa."

"Hukukosa leo. Leo ulisimama. Najua wanaume wanaosema nifike tu nyumbani, na gari zao ziko kule nyuma ya ukuta, wanafugia kuku."

Pampu ilitafutwa Nizwa ikaletwa. Wakati ikifungwa, mke wa Darwish aliwaingiza ndani, akawapa wali na samaki mkavu, akamtandikia Bi Zuwaina godoro. Bibi alilala. Hamdan hakukaa ndani. Ghaliya alimkuta gereji amechuchumaa, kanzu imepakwa oili mpaka magotini, akimmulikia Darwish na kuuliza hiki ni nini na kile ni nini, na Darwish akimjibu kwa raha zote za dunia. Rejeta ilisafishwa, maji ya zamani yakamiminwa, yakanukisha uwanja mzima, kisha ikajazwa dawa mpya ya kijani.

Jua lilikuwa limelegea walipoingia garini. Ghaliya alizungusha ufunguo kidogo. Dashibodi ikawaka yote. Hamdan aliingiza kichwa katikati ya viti viwili, kama mtoto, akahesabu kwa midomo. Injini ikaunguruma. Taa zikazima moja moja, na ile nyekundu ya joto nayo ikazima, na wote watatu walibaki wakiutazama ule weusi mtupu. Kwa muda Ghaliya hakuona kitu kwa machozi. Alilishukuru gari, akamshukuru fundi, akamshukuru bibi huyu mwizi wa marashi yake mwenyewe, na Mola aliyewapanga wote kwenye barabara moja.

Bi Zuwaina hakusema maneno yake. Wala hakuvuta mkanda.

"Mama?" aliuliza Hamdan. "Sijasema ushuke. Nimeona. Utakaa jabalini, na mimi nitakuwa napanda, siku nyingine nitakuendesha mimi. Nimeshamwambia Darwish anifundishe kona. Funga mkanda."

"Nasubiri taa zote zizime."

"Zimezima, Mama," alisema Ghaliya.

"Za gari ndizo zilizozima." Bibi alitazama mbele, mikono juu ya mkoba wa dawa. "Mguu wangu wa kushoto umevimba. Tangu kabla ya waridi. Leo daktari aliniuliza kama kuna jipya, nikasema hakuna. Niliogopa mkijua mtanishusha."

Hamdan alivuta pumzi ya kusema kitu. Ghaliya alimgusa mkono amwachie, kisha akainama pale penye kiti cha mbele, akapandisha pindo la suruali ya mkwewe, akabonyeza kifundo kwa kidole gumba. Alama ilibaki.

"Nyekundu au njano, Mama?"

Bi Zuwaina alifikiri kwa uaminifu. "Njano."

"Basi hatupandi na taa inayowaka. Nizwa iko karibu kuliko nyumbani. Wakuangalie, wakituruhusu tutalala kwako juu, wakisema ulale kwao, tutalala huko wote watatu."

"Na waridi?"

"Waridi watachuma wengine kesho. Asante, Mama."

"Asante ya nini? Ya mguu kuvimba?"

"Ya kuniambia," alisema Ghaliya. Akambusu paji la uso, akamvutia mkanda mwenyewe, akaligeuza gari kuelekea Nizwa.